Mzunguko Mmoja wa Mwalimu Arobaini

"Babu, kama unapenda mbio za magari namna hii, mbona unaendesha polepole namna hii?"

Nilikuwa darasa la pili nilipomuuliza hivyo. Tulikuwa kwenye gari lake la kufundishia, yeye kwenye usukani, mimi nyuma, na mwendesha baiskeli aliyebeba kreti za soda alikuwa ametupita muda huo huo, akageuka kutupungia mkono kama mtu anayeaga wagonjwa. Babu alitazama kioo cha kati, akatazama cha kulia, akatazama cha kushoto, kisha akaniambia nikae vizuri. Hilo halikuwa jibu. Na mimi nina tabia moja mbaya ambayo walimu wangu wote wanaijua: swali lisipojibiwa, silisahau.

Babu ni mwalimu wa udereva. Karibu nusu ya watu wenye leseni mjini kwetu wamepitia mikononi mwake, na wote wanamwita Mwalimu Arobaini, kwa sababu mshale wa mwendo wa gari lake haujawahi kuvuka hapo. Kuna makanika aliyewahi kuapa kwamba namba zinazofuata baada ya arobaini bado zina nailoni ya kiwandani. Gari lenyewe lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya Babu, na mguu wake wa kulia umezoea ile ya kwake kiasi kwamba hata akiwa ameketi kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari, likitajwa jambo la hatari, mguu unakanyaga zulia. Anafundisha pia ishara za mikono, ingawa magari yote siku hizi yana taa za kuonyesha unakokata. Anasema taa inaungua, mkono hauungui. Ukipanda naye gari siku ya mvua utalowa, maana dirisha la dereva halifungwi.

Sasa mchukue mtu huyo, aliyewahi kupitwa hata na watu wanaokwenda kuzika, umwingize sebuleni kwake. Ukuta mzima, kuanzia juu ya redio hadi mlango wa jikoni, umejaa picha za magari ya mbio ya zamani. Siyo haya ya leo. Ni yale membamba kama mche wa sabuni, magurudumu yamekaa nje kabisa kama miguu ya panzi, hayana paa, hayana milango, na dereva unamwona kuanzia kifuani kwenda juu, miwani mikubwa usoni, shingo imetunishwa, kiwiko kiko nje.

Picha hizo alizipata ujanani kwa kinyozi mmoja aliyekuwa na magazeti ya nchi za nje kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu. Babu alikuwa anakwenda kunyoa ili ayaone. Alinyoa mara kwa mara mpaka hapakuwa na cha kunyoa. Bibi anasema siku ya kwanza kumwona alimwonea huruma, alidhani katoka hospitali. Mwishowe kinyozi akampa rundo lote la magazeti aende nalo nyumbani, ili nywele zake zipate nafasi ya kuota.

Tatizo ni kwamba magazeti hayo yaliandikwa kwa lugha ambayo kinyozi hakuijua, Babu hakuijua, na hawakumjua mtu anayeijua. Basi Babu akayasoma kwa macho. Madereva akawapa majina mwenyewe, na pamoja na majina akawapa tabia, wake, watoto na magomvi. Kulikuwa na Skafu, aliyependeza kuliko wote lakini hakujua kukata kona. Kulikuwa na Mpole, ambaye kila picha alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza injini ikimweleza shida zake. Na juu ya wote kulikuwa na Masharubu, muungwana wa waungwana, na hasimu wake mkubwa, mtu aliyenyoa uso wote, ambaye Babu alimwita Uso Mtupu na kumsema vibaya mpaka leo.

Nimekua na watu hawa kama wajomba. Nilipopata alama mbaya za hesabu, Babu alinifariji kwamba hata Masharubu aliwahi kuishiwa mafuta akiwa anaongoza. Nilipomdanganya Mama, aliniuliza taratibu kama nataka kuwa kama Uso Mtupu. Na tukiangalia mbio za siku hizi kwenye televisheni ya jirani, anakunja uso tangu mwanzo hadi mwisho. Eti madereva wa leo wamefungiwa kama vidonge kwenye pakiti, huoni kiwiko, huoni shingo, unaona kofia tu inazunguka. Zamani dereva ulimwona anavyofikiri kwa mabega. Zamani walisalimiana kabla ya kuanza. Zamani hii na zamani ile.

"Na zamani walikuwa wanakufa," Bibi alimkatiza siku moja, huku anakata uzi kwa meno.

Babu akasema kwamba Mpole, kwa mfano, alistaafu akaenda kufuga kuku. Niliangalia ukutani. Ni kweli picha za Mpole zilikuwa chache kuliko za wengine na zilikoma ghafla. Baadaye nikagundua kwamba kila dereva aliyepotea kwenye magazeti yale, Babu alimstaafisha. Mmoja ana shamba la nyuki. Mwingine ana duka la vifaa vya ujenzi. Skafu, nasikia, ni mume wa nyumbani.

Nilipofika kidato cha pili nikaanza kutumia kompyuta ya maktaba ya shule, na udadisi wangu ukapata miguu. Nikatafuta picha zile zile. Masharubu nikampata haraka, na Uso Mtupu nikampata haraka zaidi, kwa sababu walikuwa kwenye ukurasa mmoja. Walikuwa mtu mmoja. Alikuwa na masharubu, kisha akanyoa.

Nilikimbia mpaka kwa Bibi, ambaye ni fundi cherehani na ana chumba chake cha kazi kando ya jikoni. Nikamweleza nikihema. Hakusimamisha hata mashine.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema yeye kazi yake ni kutazama mabega ya watu, na bega la kulia limeshuka kwa wote wawili, na hajaona bado mtu anayemwazima mwenzake bega. Nikamuuliza mbona hakumwambia Babu miaka yote hiyo.

"Akijua, atampoteza wa kumshangilia na wa kumchukia siku moja. Hiyo ni misiba miwili, na mpishi ni mimi."

Basi nikafunga mdomo.

Halafu akaja daktari wa meno. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Babu zamani, tena mbovu kuliko wote. Anakumbukwa kwa kupanda bustani ya maua ya benki akirudi nyuma, akateremka, akaipanda tena kuhakikisha. Lakini Babu hakumwacha mpaka akapata leseni, na daktari hajalisahau hilo. Jumamosi moja akaja nyumbani, akakaa kwenye kochi chini ya picha, akaeleza kwamba katika ghala la marehemu baba mkwe wake lilikutwa gari la mbio la zamani, la magurudumu nje, limefunikwa turubai. Amelihangaikia mpaka injini imewaka. Sasa jumba la makumbusho la mbali huko limeliomba, na mwisho wa mwezi linapakiwa kwenye meli, halirudi.

"Mwalimu, kabla halijaondoka nataka uliendeshe wewe," akasema. "Pale uwanja wa ndege wa zamani. Mzunguko mmoja."

Babu alikuwa anaweka kikombe mezani. Alikiweka hewani. Mama alikidaka, chai ikamwagikia zulia, na Babu hakuona lolote kati ya hayo.

Kisha daktari akamwangalia tumbo, akakohoa kidogo. Akasema kwa heshima zote kwamba tundu la kukalia ni dogo, watu wa enzi zile walikuwa wembamba, hata yeye mwenyewe anaingia kwa shida. Akatanua viganja vyake kuonyesha upana. Bibi alikuwa tayari ameshatoa tepu shingoni. Akaupima ule upana kabla daktari hajashusha mikono. Kisha akamgeukia Babu, akamzungusha tepu, akaisoma, na hakutaja namba yoyote. Alisema tu, "Mh."

Ile "mh" iligeuza nyumba yetu. Babu aliacha sukari siku hiyo hiyo. Aliacha kumalizia sahani za wajukuu, kazi aliyoifanya kwa uaminifu tangu tuzaliwe. Alichukua viti viwili vya jikoni, akavilaza uani vikitazamana kwa upana ule wa tepu, akavikaza kwa kamba, na kila asubuhi alijaribu kujipenyeza katikati. Siku ya kwanza aliingia nusu, akakwama, na aliposimama viti vikasimama naye. Alizunguka uani akiwa amevivaa, akimwita Bibi kwa sauti ya upole sana. Bibi alichukua muda wake kuja.

Kisha akaanza mazoezi ya kutembea. Hakutaka kuacha kazi, kwa hiyo aliviunganisha. Wanafunzi wapya kabisa aliwapeleka uwanja wa ndege wa zamani, mahali ambapo siku hizi hatui hata kunguru, akawaweka kwenye usukani gia ya kwanza, naye akatembea kando ya gari akiwaelekeza kupitia dirishani. Mama alipoona alishika kichwa. Akauliza mwanafunzi akipotea njia nani atakanyaga ile breki ya pili. Babu akajibu kwamba kwa mwendo ule anaweza kulizuia gari kwa tumbo, na hiyo, akaongeza kwa huzuni, ni nafasi ya mwisho ya tumbo kuwa na faida.

Bibi alimcheka kutwa nzima, lakini mimi nina macho. Kwenye chumba chake cha kazi, chini ya gauni la bibi harusi alilokuwa anamalizia, palikuwa na ovaroli jeupe lenye kola ya bluu. Alikuwa amelikopi kutoka picha ya Masharubu, mpaka vifungo. Alipomjaribisha, akamwonya kwamba ameacha kitambaa cha kupunguza, siyo cha kuongeza. Akinenepa ataendesha amejifunga shuka. Babu akajitazama kwenye kioo, akageuka upande, akauliza anaonekanaje.

"Kama mtu aliyekuja kupaka rangi dari," Bibi akasema. Lakini aliinama, akaendelea kuupima mguu wa ovaroli muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya mwisho mambo yalikwama. Babu alikuwa amepungua, kila mtu aliona, kola za mashati zilimzunguka shingoni kama bakuli. Lakini viti viwili havikumkubali. Kidogo tu. Asubuhi moja nilimkuta ameketi chini uani, viti viko mbele yake, hajaribu tena. Nikakaa naye. Nilitaka kumtania kwamba Skafu asingekata tamaa, nikaona siyo wakati wake.

"Mama," akaniambia, hivyo ndivyo anavyoniita, "nikilikosa hili, nitakuwa nimewasifia watu maisha yangu yote kwa kitu nisichokijua."

Nilimsaidia kufungua kamba, tukarudisha viti jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili asubuhi. Babu hakutaka kwenda. Bibi alimwambia ovaroli alilolishona halikai bure kabatini, kama hataki kulivaa ataliuza kwa mpaka rangi. Akavaa. Tulikwenda wote, Babu, Bibi, Mama na mimi, kwa mwendo wetu ule, na tulipofika daktari alikuwa amesubiri mpaka amekaa juu ya tairi la akiba.

Na gari lilikuwepo.

Sijui nielezeje. Maisha yangu yote nilikuwa naliona likiwa la karatasi, na hapa lilikuwa na harufu. Ya mafuta, ngozi ya zamani na rangi mpya. Lilikuwa la kijani, dogo kuliko nilivyodhani, limelala chini, magurudumu yake manne yamesimama nje kila moja kivyake. Babu alilizunguka akikagua tairi moja moja kwa kidole gumba, kama anavyofundisha, akainama kutazama chini kama mafuta yanavuja, kama anavyofundisha.

Hapo ndipo daktari, kwa furaha, akatoa simu. Akaanza kusema kwamba amempata dereva aliyewahi kuendesha magari ya aina hii, mwenye masharubu, hebu Mwalimu aone, hapa anayo, na mwaka uliofuata hapa—

"Daktari," Bibi akamwingilia, amepanua mdomo, "hebu nitazamie hili gego la nyuma."

Akamshika kiwiko akampeleka pembeni kwenye mwanga. Daktari, mtu wa watu, akaweka simu mfukoni, akachungulia. Akachungulia tena.

"Mama, hapa hapana jino."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Upande ule Bibi hana gego tangu sijazaliwa. Sijui alimwambia nini tena kwa sauti ya chini, ila daktari aliporudi, simu haikutoka tena.

Babu alikuwa amemaliza ukaguzi. Akaenda upande wa abiria wa gari, akasimama, mikono nyuma. Tukasubiri. Naye akasubiri. Daktari akamuuliza kwa adabu anangoja nini.

"Mwanafunzi," Babu akasema.

Kisha akaangalia ndani ya gari. Kiti kilikuwa kimoja. Hapakuwa na upande wa mwalimu, hapakuwa na breki ya pili. Nafikiri alikuwa ameziangalia picha zile miaka yote bila kulitambua hilo kwa miguu yake. Akacheka kidogo, akavua viatu sijui kwa nini, akavivaa tena, akanyanyua mguu kuingia.

Alikwama. Pale pale pa siku zote, kwenye nyonga. Alijisukuma, akajiinua, akajisukuma tena, uso ukaanza kupoteza rangi. Mama akageuka kutazama mbali. Mimi niliuma kola ya shati langu.

Bibi akaenda. Hakumsukuma. Alimwambia asimame, akaingiza mkono mfuko wa kwanza wa ovaroli akatoa funguo za nyumba, leso na kipochi cha miwani. Akaingiza mfuko wa pili akatoa kitabu cha alama za barabarani, tochi, na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nyingi mpaka ukawa mnene kama kipande cha sabuni. Hakuukunjua. Alinipa mimi nishike, na kwa upande mmoja niliona nusu ya sharubu. Kumbe hata uani, asubuhi zote zile, mifukoni mwa koti lake kulikuwa na duka zima.

"Sasa toa pumzi," akamwambia.

Babu akatoa pumzi, akashuka mle ndani taratibu kama barua inavyoingia kwenye bahasha. Akafika chini, na daktari akamvika miwani mikubwa ya mbio. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu alituangalia kwa namna ambayo ungeona aibu kufanya kelele.

Injini ilipowaka, ilinguruma mpaka meno yangu yakatetemeka. Babu akashtuka, kisha akarekebisha kioo cha kulia. Akarekebisha cha kushoto. Akaangalia nyuma juu ya bega. Uwanja ulikuwa mtupu, kulikuwa na mbwa mmoja tu, lakini Babu alinyoosha mkono wa kulia nje, akaupungia ishara ya kuingia barabarani, akaondoka.

Polepole.

Nilijua itakuwa hivyo, na bado nilitegemea isiwe hivyo. Gari lilikohoa na kusitasita, kama farasi aliyepelekwa dukani kununua chumvi. Yule mbwa akatembea kando yake, akachoka kusubiri, akatangulia. Daktari alianza kutafuna kucha. Akasema injini ile haikutengenezwa kwa mwendo ule, itachemka, jamani mtu amwambie akanyage.

"Mwambie wewe," Bibi akasema. "Mimi nimeshajaribu."

Babu akapotelea nyuma ya banda la zamani la ndege, tukabaki na mlio tu. Muda ukapita. Ukapita mwingine. Mama akauliza kama banda lile lina mlango wa pili. Kisha akatokea upande wa mbali, na hapo nikamwona vizuri. Kiwiko kilikuwa nje. Shingo ilikuwa imesimama. Kichwa ameinamisha kidogo, kama Mpole, kama anayesikiliza injini ikimweleza shida zake. Ovaroli lilipepea kadiri upepo mdogo ule ulivyoweza. Mabega yake niliyaona yakifikiri.

Akakaribia mstari ambao daktari aliuchora kwa chaki. Akatoa mkono, akaupandisha na kuushusha, ishara ya kupunguza mwendo, na sijui alikuwa na mwendo gani wa kupunguza. Akasimama juu ya mstari. Akazima. Mkono wake wa kushoto ukatafuta breki ya mkono, ukaikosa, ukabaki umelala juu ya ubavu wa gari. Hakushuka. Daktari alitaka kumfuata, Bibi akamzuia kwa kidole kimoja. Tukamwacha akae. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Alikuwa amevaa miwani mikubwa kama visahani.

Kumtoa kulihitaji watu wawili.

Tulirudi nyumbani kwa gari la kufundishia, Babu akiendesha na ovaroli lake, Bibi na Mama nyuma, mimi mbele. Hakuna aliyemtania, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Ule ukurasa ulikuwa bado kiganjani mwangu, nikamrudishia, akauweka mfukoni bila kuutazama. Tulipofika karibu na soko, mwendesha baiskeli akatupita kwa kengele nyingi. Siwezi kuapa kwamba ni yule yule, lakini alipunga mkono vile vile.

Nikaona sasa au kamwe. Nikamuuliza tena, neno kwa neno, swali langu la darasa la pili.

Babu alitazama kioo cha kati. Akatazama cha kulia. Akatazama cha kushoto, na safari hii macho yake yakapita kwenye kioo yakatua kwangu.

"Daktari alisema ni mzunguko mmoja tu," akasema. "Wewe, mama, ungeumaliza haraka?"